Waifai imegoma kwenye Linux: maswali ninayoulizwa kila wiki, na majibu yake

Natengeneza laptopu, nyingi za mtumba, na tangu Windows 10 ifikishwe mwisho wa huduma Oktoba 2025 nimeshaziwekea Linux nyingi tu maana Windows 11 inazilemea. Sasa hili suala la waifai nimelijibu dukani, kwenye simu, usiku kwenye magrupu ya WhatsApp, mpaka nikaona bora niandike mara moja, mtu akiuliza namtumia. Mifano yangu ni ya Ubuntu, Mint na Debian, hizi ni aina za Linux, kwa sababu ndo wengi wanazo, ukiwa na Fedora au Arch majina ya paketi yatabadilika ila kinachofanyika ni kilekile.

Waifai haifanyi kazi, nifanyeje?

Mkuu, haifanyi kazi vipi? Hapo ndo tunapotezeana muda. Waifai ina magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake. La kwanza HAISOMI, yaani hata ile alama ya waifai haipo, kompyuta haijui kama ina kadi. La pili HAISHIKI, mitandao ya mtaa mzima unaiona ila ukiweka paswedi inazunguka weee halafu inaomba tena. La tatu imeshika ila HAIPITISHI, alama iko juu vizuri na ukurasa haufunguki. Fungua teminali (dirisha la kuandikia komandi) andika hivi:

nmcli device

Ikikosekana laini yenye neno wifi, ni haisomi. Ikiwepo na imeandikwa unavailable, mara nyingi ni swichi au fimwea (programu ndogo ya ndani ya kadi). Ikiandikwa disconnected kadi ni nzima, tatizo ni kushika. Ikiandikwa connected basi acha kabisa kuhangaika na draiva (programu inayoiendesha kadi), shuka chini kwenye maswali ya haipitishi.

Ikiandikwa unmanaged, hiyo ni ya Debian sana sana. Ulipokuwa unainstoli kwa kutumia waifai, jina la kadi lilibaki kwenye faili la /etc/network/interfaces na NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, akikuta kadi imetajwa humo haigusi. Fungua hilo faili, weka alama ya # mbele ya mistari ya hiyo kadi (mstari wa lo usiuguse), restati mashine.

Kwa nini kila nikiomba msaada naambiwa nitaje namba ya chipu? Si nimeshasema ni HP?

HP, Dell, Lenovo hao wanatengeneza boksi, chipu ya waifai iliyomo ndani ni ya mtu mwingine: Intel, Realtek, Broadcom, Atheros, MediaTek. Na laptopu mbili za modeli ileile zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa, moja ikawaka waifai yenyewe na nyingine ikakutoa jasho. Kwa hiyo kabla hujakopi komandi yoyote uliyoiona mahali, toa hii:

lspci -nnk | grep -iA3 net

Tafuta laini ya Network controller, mwishoni kuna namba mbili kwenye mabano ya mraba, mfano [14e4:4365]. Upande wa kushoto ni kampuni, 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14c3 ni MediaTek. Upande wa kulia ndo chipu yenyewe. Chini yake angalia kama pameandikwa Kernel driver in use. Kama maneno hayo hayapo, kadi iko hai ila haina draiva, hakuna wa kuiendesha. Kama ni adapta ya kuchomeka nje basi tumia lsusb, itakupa namba kwa mtindo huohuo.

Hiyo namba ndo ya kutafutia mtandaoni. Nimeona mtu kakopi komandi za Realtek akaziweka kwenye mashine ya Broadcom, halafu akaja na matatizo mawili badala ya moja.

Na usishtuke ukikuta kadi inaitwa wlp2s0 badala ya wlan0. p2s0 ni mahali ilipochomekwa kwenye bodi. Popote nilipoandika wlp2s0 hapa chini weka jina la kwako.

Draiva inatakiwa idownlodiwe, na intaneti sina kwa sababu waifai haisomi. Si mzunguko huu?

Mzunguko kweli, na dawa yake ni waya wa kuchajia simu. Chomeka simu ya Android kwa waya, ingia setingi za hotspoti, washa USB tethering. Kompyuta inaiona simu kama vile umechomeka waya wa mtandao, draiva yake imo tayari ndani ya keneli (kiini cha Linux), huinstoli chochote, inachukua sekunde kumi. Kama haitokei badilisha waya kwanza, nyaya nyingi za bei chee zinapitisha chaji tu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kama simu yenyewe imeshika waifai ya nyumbani, ukiwasha hiyo USB tethering inapitisha waifai hiyohiyo, bando lako halitumiki. Yaani simu inageuka kadi ya waifai. Kuna mteja wangu alitumia hivi miezi mitatu hakutaka hata nimtengenezee. Kwa iPhone nayo inawezekana, inahitaji usbmuxd ambayo Ubuntu inakuja nayo, ukichomeka kubali kwenye simu kwamba unaiamini kompyuta.

Na kama simu haipo kabisa, ile fleshi uliyoinstolia usiifomati bado. Fleshi ya Ubuntu inabeba draiva ya Broadcom ndani yake, na Mint pia, programu yake ya draiva inaweza kuisoma kutoka kwenye fleshi ukiichomeka.

Chipu yangu ni Broadcom. Nimeambiwa pole.

Pole kweli. Kampuni hii kwa miaka mingi haikutoa draiva iliyo wazi kwa kadi zake nyingi za laptopu, kwa hiyo inabidi uinstoli mwenyewe. Kwenye Ubuntu na Mint, ukishapata intaneti ya simu:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Kwenye Debian hakikisha umewasha contrib na non-free kwenye vyanzo vya apt, halafu:

sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms
sudo modprobe -r b44 b43 b43legacy ssb brcmsmac bcma
sudo modprobe wl

Ile laini ya katikati inaondoa draiva nyingine zinazogombania kadi hiyohiyo, ukiiruka unaweza kuinstoli vizuri na bado isisome. Hii njia ni ya chipu kama BCM43142, BCM4360, BCM4313. Zile kongwe kama BCM4318 hazitaki wl (hiyo draiva ya juu), zinataka firmware-b43-installer. Ndo maana nasema namba kwanza.

Yangu ni Intel, nimesikia Intel haisumbui, mbona haisomi?

Intel draiva yake iwlwifi iko ndani ya keneli tangu zamani. Kinachokosekana huwa ni fimwea, ile programu ndogo ambayo draiva inaipeleka ndani ya kadi ndo kadi ianze kufikiri. Angalia:

sudo dmesg | grep -i firmware

Ukiona failed with error -2, maana yake faili halipo. Kwenye Debian weka firmware-iwlwifi, na kama ni Realtek weka firmware-realtek. Zamani Debian ilikuwa haiweki fimwea zisizo huru kwenye fleshi yake ya kuinstolia, watu wakakwama hapo miaka na miaka, mpaka wakapiga kura mwaka 2022 na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 zimo. Kwa hiyo kama unafuata maelekezo ya zamani yanayokwambia ukatafute fleshi maalum yenye fimwea, hayo yamepitwa, chukua tu ya kawaida.

Sababu nyingine ni laptopu mpya na Linux kongwe. Kadi iliyotoka juzi haiwezi kujulikana na keneli ya miaka minne nyuma. Hapo hamna ujanja, pandisha keneli.

Inasema waifai imezimwa, nikibonyeza kuwasha haiwaki.

rfkill list

Ukiona Soft blocked: yes, imezimwa kiprogramu, andika sudo rfkill unblock wifi imeisha hiyo. Ukiona Hard blocked: yes, hapo kuna swichi ya kweli. Laptopu za zamani zina kaswichi kadogo pembeni au mbele chini, au kitufe chenye alama ya mnara, au Fn na F2, F12, inategemea. Kuna mama aliletewa bili ya kubadilishiwa kadi na fundi mmoja, akaona bei kubwa akaja kwangu, nikapapasa pembeni nikasukuma swichi kwa kucha. Sikumchaji.

Kama swichi haipo kabisa na bado inasema hard blocked, zima mashine, toa chaji, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde thelathini, rudisha. Angalia na kwenye BIOS (setingi za bodi, kabla mfumo haujawaka) kama waifai haijazimwa huko. Kwa baadhi ya Lenovo za familia ya IdeaPad, modyuli inayoitwa ideapad_laptop ndo inadanganya kwamba kuna swichi wakati haipo, jaribu sudo modprobe -r ideapad_laptop uone kama inaamka.

Nimeinstoli draiva bila kosa lolote na bado haisomi.

Secure Boot. Andika mokutil --sb-state, ikikujibu enabled basi keneli inakataa draiva yoyote isiyosainiwa, na draiva zinazotengenezewa hapohapo kwenye mashine yako zinahitaji saini yako wewe. Wakati wa kuinstoli uliulizwa utunge paswedi, ukaandika ya kubabaisha ukasahau, ukarestati, ukatokea ukurasa wa bluu unaosema MOK, ukabonyeza enta upite haraka. Hapo ndo palikuwa pa kuweka ile paswedi. Instoli upya draiva na safari hii ukifika kwenye ule ukurasa wa bluu chagua Enroll MOK. Au zima Secure Boot kwenye BIOS kama huna cha kuficha, mi laptopu za wanafunzi huwa nazima. Ila kama Windows bado imo ndani na imefungwa kwa BitLocker hakikisha una ule ufunguo wake wa kufungulia kabla hujagusa BIOS.

Jana ilikuwa inafanya kazi.

Jana ulifanya nini? Kama uliapdeti, ukiwasha mashine shikilia Shift au bonyeza Esc mpaka uone menyu ya GRUB (ya kuchagua cha kuwasha), ingia Advanced options, chagua keneli ya nyuma yake. Ikirudi waifai, basi draiva yako haikujengwa upya kwa keneli mpya, mara nyingi kwa kukosa linux-headers za hiyo keneli. Ziweke halafu instoli draiva tena.

Kama mashine ina Windows na Linux pamoja na jana ulikuwa Windows, hiyo ni Fast Startup. Windows inajifanya imezima kumbe imelala, imeikumbatia kadi, Linux ikiamka inaikuta kadi haijielewi. Ingia Windows, zima Fast Startup kwenye setingi za umeme, halafu zima mashine kabisa. Au kama una haraka, ukiwa Windows chagua Restart badala ya Shut down.

Naona mitandao ya majirani yote, ya kwangu tu haipo. Simu inaiona.

Ruta yako inarusha kwenye bendi ya 5 GHz na kadi yako inajua 2.4 tu. Laptopu nyingi za mtumba ziko hivyo, na hakuna draiva itakayoibadilisha hiyo. Ingia kwenye ruta uwashe 2.4 pia, na uipe jina tofauti kidogo usichanganyikiwe.

Kama ruta iko 2.4 tayari angalia chaneli. Ikiwa kwenye 12 au 13 kadi inaweza kuikwepa kwa sababu haijui iko nchi gani, iw reg get itakuonyesha country 00. Weka sudo iw reg set TZ, au KE, au UG, ulipo. Rahisi zaidi ni kuipeleka ruta chaneli 1, 6 au 11 na kusahau.

Paswedi ni sahihi kabisa, nimeiandika mara kumi, inakataa.

Kwanza futa kumbukumbu ya zamani, maana ukikosea mara ya kwanza inahifadhi kosa na kulirudia kimyakimya:

nmcli connection delete "JinaLaWaifai"
nmcli device wifi connect "JinaLaWaifai" password "paswedi"

Jina liandike lilivyo, herufi kubwa na ndogo. Kama mtandao umefichwa jina, ongeza hidden yes mwishoni. Paswedi ikiwa na alama kama $ au ! iweke kwenye alama za nukuu moja moja ' ' badala ya mbili, teminali ina tabia ya kuzitafsiri hizo alama.

Pili ruta. Kama imewekwa WPA3 tupu (aina mpya ya ulinzi wa waifai), kadi kongwe haitashika hata ukilia, iweke WPA2. Hata ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 huwa unazichanganya baadhi ya kadi.

Tatu, hasa kwa adapta za USB, NetworkManager inabadilisha anwani ya kadi wakati wa kutafuta mitandao ili usifuatiliwe, na baadhi ya adapta hazivumilii. Tengeneza faili /etc/NetworkManager/conf.d/mac.conf uandike:

[device]
wifi.scan-rand-mac-address=no

Halafu sudo systemctl restart NetworkManager. Hii imeniokoa mara nyingi kuliko nilivyotegemea.

Signo iko chini sana, lazima nikae juu ya ruta ndo ishike.

Namba ya chipu! Kama ni RTL8723BE, hii ni maarufu. Chipu ina matundu mawili ya antena, mtengenezaji wa laptopu akachomeka antena moja, halafu maelezo yaliyoandikwa ndani ya kadi yanaielekeza kusikiliza tundu lisilo na antena. Unaiambia hivi:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Restati. Isipobadilika weka 1 badala ya 2. Mara ya kwanza nilipoona vijiti vinaruka kutoka kimoja hadi vinne nilidhani nimekosea kusoma.

Kama sio hiyo chipu na laptopu iliwahi kufunguliwa na fundi, fungua uangalie zile nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe, kama zimebanwa kwenye kadi. Zinasahaulika sana.

Inashika vizuri ila inakatikakatika, au inakuwa nzito baada ya muda.

Kadi inasinzia kubana umeme. Jaribu kwa muda:

sudo iw dev wlp2s0 set power_save off

Ikitulia, ifanye ya kudumu. Kwenye Ubuntu kuna faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, ndani yake wifi.powersave = 3, weka 2. Betri itapungua kidogo, mi naona sawa tu.

Imeshika, ila haipitishi.

Pima hatua kwa hatua:

ping -c 3 1.1.1.1
ping -c 3 debian.org

Ya kwanza ikikataa, tatizo liko kwa ruta au bando limeisha (usicheke, nusu ya kesi ndo hiyo). Ya kwanza ikipita na ya pili ikakataa, ni DNS, yaani kompyuta haina wa kumuuliza majina. Hapo:

nmcli connection modify "JinaLaWaifai" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "JinaLaWaifai"

Zote zikipita na brauza bado inasema muunganisho si salama kwenye kila tovuti, angalia saa ya kompyuta. Laptopu za mtumba betri ndogo ya kwenye bodi, ile CR2032 kama sarafu, imekufa, ukichomoa chaji inarudi miaka ya nyuma huko na vyeti vyote vya tovuti vinaonekana bado havijaanza kutumika. Weka saa sawa, kisha nunua betri.

Waifai ya kulipia mtaani au hotelini, ule ukurasa wa kuweka vocha hautokei.

Kwa sababu umefungua tovuti ya https na ule ukurasa hauwezi kuingilia kati hapo. Fungua http://neverssl.com, utatokea. Ukigoma andika ip route | grep default, chukua ile namba inayofuata neno via, iandike kwenye brauza. Zima VPN kwanza, na kama uliweka DNS zako mwenyewe kama nilivyoonyesha hapo juu zitoe kwenye huo mtandao, nyingi za hizi zinategemea DNS yao.

Na wanaouliza "nimelipia kwenye simu, kompyuta inakataa vocha": vocha imefungwa kwenye anwani ya simu. Rudi kwenye ule ujanja wa waya wa USB. Kama vocha inakufa kila ukirestati kompyuta, anwani ya kadi yako inabadilikabadilika, itulize:

nmcli connection modify "JinaLaWaifai" wifi.cloned-mac-address permanent

Eduroam ya chuo imenishinda.

Hiyo ni waifai ya pamoja ya vyuo. Usijaze kwa mkono. Pata intaneti ya simu, nenda cat.eduroam.org, chagua chuo chako, itakupa faili la Python la Linux, uliendeshe kwa python3, linauliza jina na paswedi, imeisha. Kenya kupitia KENET na Uganda kupitia RENU, mitandao ya vyuo ya nchi hizo, vyuo vingi vimo. Jina la kuingilia ni refu lote pamoja na @ na anwani ya chuo, sio namba ya usajili peke yake, hapo ndo wanakwama wengi.

Kama chuo chako hakimo kwenye orodha, jaza mwenyewe: aina ya ulinzi WPA2 Enterprise, PEAP, MSCHAPv2. Utaambiwa na washkaji uweke tiki kwenye "hakuna cheti kinachohitajika". Itashika kweli, ila mtu yeyote akiwasha ruta yake akaiita eduroam kompyuta yako itampelekea taarifa zako za kuingilia. Omba cheti kwa watu wa IT wa chuo.

Natumia bando la simu, Linux inalimaliza usiku.

Kosa hili nimelifanya kwa mteja, nikaacha laptopu imeshika hotspoti ya simu yake nikaenda kula, kurudi apdeti zimekunywa GB nzima. Iambie kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo:

nmcli connection modify "HotspotiYangu" connection.metered yes

Na kwa Ubuntu, zile programu za snap zenyewe zinajiapdeti, zishikilie hivi:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Nina Raspberry Pi, au seva isiyo na skrini ya picha.

Andika nmtui, ni menyu ya mishale na enta. Kwenye Pi weka nchi kwanza kwa raspi-config, bila nchi waifai inabaki imefungwa. Ule ujanja wa kuweka faili la wpa_supplicant.conf kwenye kadi ya kumbukumbu haufanyi kazi tena kuanzia toleo la Bookworm la Oktoba 2023, walihamia NetworkManager. Kwa wanaoinstoli Arch, kwenye fleshi tumia iwctl, kisha station wlan0 connect Jina. Ila ukishamaliza chagua msimamizi mmoja tu, ukiwasha iwd, dhcpcd na NetworkManager kwa pamoja watagombana na utadhani kadi ni mbovu.

Nimechoka. Ninunue adapta ya USB, ipi?

Nunua kwa chipu, usinunue kwa boksi. MediaTek za familia ya mt76 zinaingia zenyewe. Zile ndogo kama kucha za bei ya chini zenye MT7601U ni 2.4 tu na hazina mbio, ila ziko kwenye keneli tangu 4.2 ya mwaka 2015, unachomeka unasahau. Kuwa makini na TP-Link TL-WN722N ambayo kila video ya zamani inaisifia: toleo la kwanza lina chipu ya Atheros AR9271, safi sana, toleo la pili na la tatu lina Realtek RTL8188EUS, jina lilelile na sura ileile. Angalia stika ya nyuma imeandikwa Ver ngapi.

Ukichomeka adapta ya Realtek na lsusb ikaonyesha 0bda:1a2b, haijafa, imejitambulisha kama diski yenye draiva za Windows. Instoli usb-modeswitch, ichomoe na kuichomeka tena.

Na nikibadilisha kadi ya ndani kabisa?

Hiyo ndo mi napenda, kadi ya Intel ya mtumba inaweza kuwa rahisi kuliko siku mbili zako za kuhangaika na Broadcom. Mambo mawili kabla hujatoa hela. Angalia umbo, zile ndefu za Mini PCIe haziingii kwenye tundu la M.2 na kinyume chake. La pili, HP na Lenovo za zamani BIOS zake zina orodha ya kadi zinazokubaliwa, ukiweka ya nje mashine inasimama na ujumbe kwamba kifaa hakiruhusiwi, haibuti kabisa mpaka uitoe. Kwa hizo tafuta kadi iliyotoka kwenye laptopu ya familia hiyohiyo, na umwombe muuzaji akuruhusu kuijaribu hapohapo dukani kabla hujafunga skrubu.